Makumbusho ya Reli Hayaanzi na Rangi

Mji mdogo ukiachwa na reli, jambo la kwanza linalowajia wakubwa wake ni jengo la stesheni: liezekwe upya, lipakwe rangi, picha zitundikwe ukutani na kibao kiwekwe mlangoni. Jengo hupona, ila mara nyingi historia huwa imeshatoka kwa mlango wa nyuma. Madaftari yamechomwa, zana zimegawanywa, na injini zimeuzwa kama vyuma chakavu. Ely, mji wa watu wapatao 4,000 katika jimbo la Nevada nchini Marekani, ulipita njia nyingine, na ndiyo maana stesheni yake ya mwaka 1907 inastahili kuchambuliwa. Mafanikio ya makumbusho yake, kwa maoni yangu, hayakutokana hasa na ustadi wa kukarabati kuta. Yalitokana na uamuzi wa kuhifadhi kituo kizima kama mahali pa kazi, kila kitu kikibaki pale kilipotumika.

Reli ya Nevada Northern ilizaliwa na shaba. Mwekezaji wa migodi Mark Requa alianza kuijenga mwaka 1905 kutoka Cobre, ilipokutana na reli ya Southern Pacific, na kufikia mwishoni mwa Septemba 1906 ilikuwa imeingia Ely, mwendo wa kilomita 225 hivi. Mawe ya shaba yalichimbwa kwenye migodi ya Ruth na kukokotwa hadi kwenye tanuri za kuyeyushia huko McGill. Treni za abiria zilikoma mwaka 1941; mizigo iliendelea hadi 1983, kampuni ya Kennecott ilipofunga shughuli zake. Katika miaka yote hiyo mambo mawili yaliufaa mji. Ely uko kwenye nyanda kavu, karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo chuma hakiliwi na kutu upesi. Tena, karibu kila kitu kilikuwa mikononi mwa mwenye mali mmoja, ambaye angeweza kukitoa chote kwa pamoja.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia mwaka 1986 karakana, injini na mabehewa vilikabidhiwa kwa wakfu ulioundwa na wenyeji, White Pine Historical Railroad Foundation, nalo jengo la stesheni likaja kuwa moja ya makumbusho ya jimbo. Ni jengo la mawe la ghorofa moja: chini abiria walikata tiketi na kusubiri treni, juu zilikuwa ofisi za reli. Ng'ambo ya njia za reli yako mabanda ya injini. Thamani ya mpangilio huo inaonekana kwenye karatasi zilizobaki. Oda ya treni, yaani amri ya maandishi ya safari, ikiwekwa peke yake kwenye kabati la kioo ni karatasi kuukuu tu. Lakini msomaji anapokuta humo namba 40, kisha akavuka reli na kuiona injini namba 40 yenyewe, iliyotengenezwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1910, karatasi hiyo inageuka ushahidi. Michoro ya injini nayo haikuishia kuwa pambo, kwani fundi anayechonga kipuri kisichouzwa popote huanzia kwenye mchoro.

Wapo watakaosema kwamba kuwasha injini ya zaidi ya miaka mia ni kuula urithi wenyewe. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu kila safari hula mabomba, beringi na magurudumu. Kanuni za Marekani zinaonyesha ukubwa wa mzigo huo: boila ya injini ya mvuke ikitimiza siku 1,472 za kazi, au miaka 15, lolote litakalotangulia, lazima ifunguliwe, mabomba yang'olewe, na unene wa mabati upimwe upya. Hapo vipande vya asili hupotea. Hata hivyo, injini hizi zilikuwa zikibadilishwa vipuri tangu zikiwa kazini. Hakuna siku zilipobaki kama zilivyotoka kiwandani. Kinachopotea kabisa pale zinapozimwa ni ujuzi: namna ya kuipasha moto boila polepole isipasuke, au kusikiliza mvuke na kujua vali ipi haifungi. Ujuzi huo hauandikiki wote. Unapokezwa kwa kufanya kazi. Jibu la haki ni kugawa majukumu: injini chache zitembee, nyingine zitulie zikiwa kumbukumbu, na kila kipande kinachotolewa kiandikwe na kutunzwa.

Pingamizi la pili ni kwamba Ely ulibahatika tu, na bahati haiigwi. Ni kweli ukame hauwezi kuhamishiwa Mombasa. Lakini bahati iliwapa wenyeji mali; kutoiuza vipande vipande kulikuwa uamuzi wao. Uamuzi huo unatuhusu huku kwetu Kenya pia, hasa tangu mwaka 2017, treni ya reli mpya ya SGR ilipochukua abiria wa Mombasa na Nairobi na stesheni nyingi za njia ya zamani zikabaki bila wasafiri. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamefanya kazi kubwa ya kuokoa. Humo limo behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Behewa liko salama, ila mtoto wa Kima hana budi kusafiri hadi Nairobi ili kuiona historia ya kwao. Kukusanya hivyo huokoa kitu, lakini hukitenga na mahali panapokifafanua.

Linabaki suala la fedha, na hapo sitadai kwamba njia ya Ely ni rahisi. Mji huo uko mbali na miji mikubwa, na makumbusho yake hutegemea watalii, wakiwemo wanaolipa ili waendeshe injini wenyewe chini ya uangalizi. Si kila mji utaweza kuwasha boila. Kila mji, hata hivyo, unaweza kufuata mpangilio wa kazi ambao gharama yake ya mwanzo ni ndogo: kwanza funga stoo na uorodheshe kila kilichomo, pili kusanya madaftari na michoro kabla mvua na mchwa havijafika, tatu rekodi wastaafu wa reli wakieleza kazi zao mbele ya zana zenyewe, nne hakikisha ardhi, jengo na vifaa viko chini ya mkataba mmoja usioruhusu kuuza kipande. Fundi rangi aitwe baada ya hapo. Ukuta uliochakaa unaweza kupigwa lipu hata baada ya miaka 20, lakini daftari lililochomwa halina fundi.