Meno ya Mbegha na Mapenzi ya Mungu

Katika nchi ya Uzigua, kutoka Kwedizinga na Handeni mpaka Korogwe, mapenzi ya Mungu hutajwa na Wakristo asubuhi na jioni. Mvua ikikawia, ni mapenzi ya Mungu. Mtoto akifa, ni mapenzi ya Mungu. Kijana akipata kazi, ni mapenzi ya Mungu vilevile. Neno litumikalo kwa kila jambo hukaribia kukosa maana. Kitabu kimoja cha zamani, ambacho mtungaji wake hakuwa Mkristo, chaweza kumsaidia msomaji alipime upya. Kitabu hicho ni Habari za Wakilindi.

Mtungaji wake, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, alikuwa Mwislamu. Lakini habari zake zilichapwa kwa mafungu na misheni ya Kiingereza huko Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1962 kitabu kilitolewa tena Nairobi chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Kwa hiyo tangu mwanzo wake kimepita mikononi mwa watu wa dini mbili, na kila mmoja aweza kukiuliza swali lake.

Kisa cha kwanza ni cha Mbegha wa Ngulu, milima iliyo upande wa magharibi wa Uzigua. Mbegha aliota meno ya juu kwanza. Alikuwa kigego, na kigego alihesabiwa kuwa nuksi. Baba yake alipokufa, jamaa walimnyima urithi, na misiba ya ukoo wakamwekea yeye. Akatoka na mbwa wake na silaha zake za kuwinda. Alipofika Kilindi alifanya urafiki na mwana wa mkubwa wa nchi. Kijana yule akauawa na nguruwe mwindoni, na Mbegha akakimbia tena. Mwisho alipanda Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba huko Vugha, akafanywa mtawala.

Kisa hiki chaweza kusomwa kwa njia mbili zilizo rahisi, na zote mbili zina hatari. Njia ya kwanza ni ya jamaa wa Mbegha: mapenzi ya mbinguni husomwa katika dalili. Meno yamesema, basi hukumu imekwisha. Ubora wa masimulizi ni kwamba hukumu hiyo haikanushwi kwa hotuba, bali kwa mwenendo wa mtu mwenyewe. Yule aliyeitwa nuksi huwalisha wageni wake. Msomaji huona pia ya kuwa dalili ile iliwafaa waliotaka mali ya marehemu.

Njia ya pili hupendeza zaidi, na kwa hiyo hudanganya zaidi. Msomaji Mkristo humkumbuka Yusufu, aliyeuzwa na nduguze akawa mkuu wa Misri, akasema: Mungu alitaka Mbegha atawale, ushahidi ni kiti chake. Lakini kitabu hakiishii kwenye kiti. Kurasa za baadaye zasimulia vita vya watoto na wajukuu baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, uasi wa Wabondei ulioitwa Kiva, na watu waliotekwa wakauzwa. Ikiwa kushinda ni ushahidi wa mapenzi ya Mungu, basi na minyororo ile ilikuwa mapenzi yake. Hakuna Mkristo awezaye kulikubali neno hilo na kubaki na Injili mkononi. Yusufu mwenyewe aliona mkono wa Mungu katika maisha yake, lakini hakuuita wema uovu wa nduguze.

Imebaki njia ya tatu, iliyo ndefu. Katika Matendo ya Mitume, mitume walipiga kura ili kumpata wa kushika mahali pa Yuda. Baada ya Pentekoste kura hiyo haisikiki tena. Swali kubwa la watu wa mataifa lilipozuka, walikutana Yerusalemu, wakabishana, wakasikiliza ushuhuda, wakapima Maandiko, kisha wakaamua. Dalili iliacha nafasi kwa shauri. Kipimo hiki ndicho walichokikwepa jamaa wa Mbegha: hawakumwuliza ametenda nini, wala hawakumwita baraza la haki. Walitazama kinywa chake tu.

Hapa lugha yenyewe ina hekima. Kiswahili hakikutafuta neno geni kwa kusudi la Mungu; kilichukua mapenzi, neno litokalo katika kupenda. Asemaye kwamba jambo fulani ni mapenzi ya Mungu amesema, apende asipende, kwamba ndani yake mna upendo. Basi na aonyeshe upendo huo uko wapi. Asipouona, ni afadhali aseme kwamba msiba umefika, akae na wafiwa, anyamaze.

Mama wa Kwedizinga ambaye mwanawe ameota meno ya juu kwanza aweza kusikia minong'ono ile ile iliyosikika Ngulu. Habari za Wakilindi hazimwambii Mungu ataka nini juu ya mtoto huyo. Zamwonyesha tu jinsi watu walivyowahi kukosea walipodhani wamekwisha kujua. Linalobaki ni wajibu ulio wazi: mtoto alishwe, apewe jina, asinyimwe haki yake. Aanzaye hapo hajayajua mapenzi yote ya Mungu, lakini ameanza kuyatenda.