Picha za Bluu na Sifa za Huruma

Picha za bluu ambazo vijana wetu wa hapa Kigali walitundika ukumbini zimesifiwa na kila mgeni. Mimi nitazikosoa kidogo, maana tukisifu kila kitu cha mkimbizi, tunamwambia kwamba hatutegemei zaidi kutoka kwake.

Iliyo bora ni ya jani la muhogo: jani jeupe kabisa, bluu imekolea kama wino. Lakini picha za mikono ya watoto zina umanjano mahali palipotakiwa kuwa peupe. Eti ndiyo sanaa, kijana mmoja aliniambia. Hapana. Ule umanjano ni dawa ambayo haikuoshwa. Ikiendelea kupigwa na mwanga itageuka bluu, na mkono utamezwa. Kuna familia hapa zinasubiri safari, na huenda picha ile ndiyo itabaki kwa bibi.

Njia hii inaitwa saianotaipu. John Herschel aliivumbua mwaka 1842. Mwaka 1843 Anna Atkins, Mwingereza, alianza kuchapa kitabu cha mwani, hata maandishi yake akayachapa kwa bluu, na aliendelea kwa miaka 10. Ukurasa mmoja mzuri unaweza kuwa bahati. Mamia ya kurasa yanataka utaratibu.

Kwetu utaratibu ndio uliokosekana, vipaji vipo. Meza ilikuwa moja: huyu anapaka dawa, yule anatoa karatasi majini, matone yanarukia karatasi mpya. Halafu wote walirudi kutoka juani pamoja, wakagombania beseni moja.

Mara ijayo ziwepo meza mbili, ya vikavu na ya maji. Dawa ipakwe jioni kwenye taa hafifu, karatasi zikauke gizani. Kesho yake tupime dakika za jua kwa kipande kidogo kabla ya kuharibu karatasi nzima. Watu watoke wawili wawili. Mabeseni yawe matatu: la kwanza lipokee uchafu mwingi, la mwisho libaki safi. La kwanza likichafuka limwagwe, la pili lichukue nafasi yake. Hivyo maji kidogo yanaosha picha nyingi, na anayebeba jerikani anajua maana yake.

Mwenye jani la muhogo alingoja wenzake wamalize, akaosha mpaka maji hayana rangi. Wageni wamsifu kwa hilo.