Kisigino cha Achilles: Je, Kimo Katika Utendi Wenyewe?

Swali linapomtaka mtahiniwa afafanue sifa za shujaa wa mighani, jibu moja hujirudia: shujaa ana nguvu zisizo za kawaida, na nguvu hizo zina siri. Fumo Liyongo alidungwa sindano ya shaba kitovuni. Luanda Magere alichomwa mkuki kivulini. Mtahiniwa aliyesoma zaidi ya wenzake huongeza Achilles wa Ugiriki, aliyepigwa mshale kisiginoni, kisha huandika kuwa hayo yamo katika Iliad ya Homer. Nimekutana na jibu hilo mara kadha nikisahihisha na, nakiri, nimewahi kulitia alama ya sahihi pasipo kufikiri.

Iliad haina kisigino hicho. Utendi huo wa vitabu 24 na mishororo zaidi ya 15,000 unakomea kwenye mazishi ya Hector, Achilles akiwa yungali hai. Kisa cha Thetis kumchovya mwanawe katika mto Styx twakipata kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza B.K., karne nyingi baada ya Homer. Kwa Homer, Achilles ana ngozi kama yako na yangu. Katika kitabu cha 21, Asteropaeus anamrushia mikuki miwili kwa mpigo, mmoja unamparuza mkono wa kulia na damu inamtoka. Isitoshe, Patroclus anapouawa akiwa amevaa silaha za Achilles, shujaa hawezi kurudi vitani mpaka Hephaestus amfulie dirii, chapeo na ngao mpya. Asiyejeruhika angetaka dirii ya nini?

Huenda mwalimu akauliza kuna hasara gani mwanafunzi akikosea jambo dogo kama hilo. Hasara ni kwamba kisigino humfunika mhusika. Kinachomponza Achilles ni ghadhabu. Agamemnon anapompokonya Briseis, mateka aliyekuwa tuzo yake, Achilles anasusia vita na kumwomba mama yake amshawishi Zeus awape Watroy ushindi. Wenzake wanakufa. Patroclus, rafiki wa moyoni, anakufa. Hapo Achilles anajilaumu mwenyewe, na ana haki ya kujilaumu.

Tukitaka kumlinganisha na Liyongo, basi tusilinganishe kitovu na kisigino. Tulinganishe ujuzi walio nao kuhusu vifo vyao. Liyongo wa utendi anatambua kuwa mwanawe ametumwa na maadui, na bado anamfichulia siri. Achilles naye anaambiwa na mama yake kwamba Hector akifa, kifo chake mwenyewe kitafuata upesi. Anakwenda kumuua Hector. Tofauti yao pia ina uzito: Liyongo anaangamizwa na mtu wa nyumbani kwake, ilhali Achilles hasalitiwi na yeyote.

Baada ya kuua, anaiburura maiti ya Hector kwa gari la farasi. Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika kuwa ni katili. Ni kweli, lakini wasome kitabu cha 24. Mzee Priam anaingia usiku katika kambi ya adui na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Achilles anamkumbuka baba yake, Peleus, aliyeachwa peke yake nyumbani. Wanalia wote wawili, kila mmoja na msiba wake, kisha wanakula pamoja. Priam anapewa maiti na siku za kuomboleza. Sijui mandhari nyingine ya vita inayozidi hiyo.

Mwalimu aliye na kipindi cha ziada awasimulie pia kitabu cha 11 cha Odyssey, ambamo Odysseus anakutana na Achilles kuzimuni na kumsifu kwa utukufu wake miongoni mwa wafu. Achilles anamkatiza: heri angekuwa kibarua wa maskini juu ya ardhi kuliko kuwatawala wafu wote.