Kunasa Skrini na Ufundishaji wa Arudhi

Serikali ya Kenya ilipofunga shule na vyuo mnamo Machi 2020, walimu wengi wa lugha walilazimika kufundisha kwa intaneti, pasipo ubao wala chaki. Mwanafunzi aliyerudi nyumbani katika mtaa wa Pioneer, Eldoret, aliweza kupelekewa somo la arudhi kwa njia mbili: picha ya skrini, au skrini iliyorekodiwa pamoja na sauti ya mwalimu. Ni kosa kuzihesabu njia hizi kuwa kitu kimoja.

Picha huonyesha ubeti uliokwisha kuchambuliwa: vina vimepigiwa mstari, mizani 16 za kila mshororo zimegawanywa nane kwa nane. Hayo ni matokeo. Skrini iliyorekodiwa huonyesha kazi yenyewe: mshale ukisita penye silabi, hesabu ikirudiwa, kina kikipimwa kwa sikio. Na shairi la Kiswahili ni la sikio kabla ya kuwa la jicho.

Hata hivyo, video humaliza bando upesi. Na mwalimu apendaye unadhifu huyakata makosa yake yote kabla ya kuituma. Afanyapo hivyo, humtoza mwanafunzi gharama ya video kwa faida ya picha. Ubaoni mwanafunzi alimwona mwalimu akifuta, akajifunza kwamba hata mjuzi hukosea hesabu.

Yapasa, basi, rekodi iwe ya ubeti mmoja tu, na kule kufuta kubakie humo. Swali la mwanafunzi, ambalo rekodi haiwezi kulijibu, litengewe wakati wake.