Pongezi kwa Orodha ya John Peel

Kupanga bendi za roki kwa daraja huonekana mchezo wa vijiweni, lakini Festive Fifty, orodha aliyoianzisha mtangazaji John Peel katika BBC Radio 1 mwaka 1976, inastahili pongezi kama kumbukumbu ya historia. Wasikilizaji walituma kura, naye akapiga nyimbo kutoka ya hamsini hadi ya kwanza. Mwaka ule kileleni walikuwa Led Zeppelin na "Stairway to Heaven", kufikia 1978 kiti kilikaliwa na "Anarchy in the U.K." ya Sex Pistols. Miaka miwili tu! Mapinduzi ya panki yanasomeka hapo waziwazi, maana waliopiga kura hawakujua kwamba wanaandika historia.

Wapo watakaosema kura ziliegemea mno upande mmoja: vijana weupe wenye magitaa. Ni kweli, na Peel mwenyewe jambo hilo lilimkera, kwani vipindi vyake vilikuwa na rege na hata muziki wa Afrika (Bhundu Boys wa Zimbabwe aliwapenda mno). Ila kasoro hiyo nayo ni ushahidi: inapima umbali kati ya kilichopigwa redioni na kilichobaki masikioni mwa watu. Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa vibao vya zamani kung'ang'ania nafasi zao. Dawa ikapatikana mwaka 1982, orodha ilipoanza kutengewa nyimbo za mwaka husika, na mwaka uliofuata New Order wakaongoza kwa "Blue Monday", wimbo unaobebwa na mashine kuliko gitaa.