Usafishaji wa Meno Hupimwa kwa Ulimi

Wengi wetu tulimjua daktari wa meno siku ya kung'oa: shavu limevimba, usiku kucha hujalala, unaingia ukiwa tayari kuliacha gego huko. Ndiyo maana anayekwenda kukaguliwa na kusafishwa tu huwa hana kipimo cha kazi aliyofanyiwa. Akiona meno yameng'aa, analipa na kushukuru. Kung'arisha ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Brashi inayozunguka huimaliza kwa dakika chache.

Tazama yanayofanyika kabla mashine ya kusafishia haijawashwa. Vifaa vitoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako. Daktari aulize habari za kisukari, presha, ujauzito na dawa unazotumia. Akague ulimi, chini yake na ndani ya mashavu, hasa kama unatumia ugoro au tumbaku ya kutafuna, maana saratani ya kinywa huweza kuanza kwa kidonda kidogo kisichouma.

Kisha kuna kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Daktari hukipenyeza taratibu kati ya jino na fizi huku akimtajia msaidizi namba: mbili, tatu, mbili, tano. Zisikilize. Hadi tatu, fizi ni nzima kama haitoki damu. Kuanzia nne, hasa damu ikichuruzika, pana mfuko ambamo ukoga umejificha na mswaki wako haufiki. Asiyepima atasafisha anachokiona tu.

Ukoga laini ukiachwa hushikana na madini ya mate ukawa mgumu kama chokaa iliyoganda ndani ya birika. Hupenda nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa sababu mifereji ya mate hufungukia huko. Hapo ndipo pa kumpimia fundi. Ncha ya mashine hutetema mara 25,000 hivi au zaidi kwa sekunde huku ikirusha maji. Ilazwe ubavu, iguse kidogo, isitulie mahali pamoja. Anayekandamiza anaumiza jino. Mashine ikinyamaza, mkono mzuri hurudi na vyuma vya kawaida kumalizia kwenye pembe.

Niliwahi kutoka kwenye kliniki moja baada ya dakika kumi, meno yakimeremeta. Nilipofika nyumbani ulimi wangu ukakuta ukuta uleule. Pesa imeliwa, ukoga umebaki.

Waliokulia Arusha na kandokando ya Mlima Meru wajue jambo moja: rangi ya kahawia iliyoletwa na floridi ya maji imo ndani ya jino lenyewe, haiondoki kwa kusafishwa. Anayekuambia hivyo kabla hujalipa, mshike huyo.

Mwaminifu pia hukuonya kwamba baridi itakusumbua siku chache, na kwamba utahisi mianya. Watu husema kusafisha kunalegeza meno. Si kweli, ni ukoga uliokuwa umeziba nafasi hizo, na fizi iliyovimba imepungua.

Kabla hujashuka kitini, pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini. Pakiteleza kama ndani ya kikombe cha kaure, lipa. Pakiparuza, mwombe daktari arudie hapo hapo. Hiyo ni haki yako.