Asiye na Omar Je?

Nimeitazama Unrest kwa siku tano, dakika ishirini kwa siku, kwa sababu mwili wangu haukubali zaidi. Jennifer Brea angenielewa. Filamu hii ya 2017 aliiongoza akiwa kitandani, akiwahoji wagonjwa wenzake kwa Skype. Alikuwa mwanafunzi wa uzamifu Harvard homa ilipomwangusha. Daktari akamwambia shida iko akilini. Mimi pia niliambiwa hivyo, nikaacha chuo mwaka wa tatu.

Nguvu ya filamu hii ni kwamba haiombi huruma. Brea anatambaa sakafuni na kamera inamtazama bila haraka. Kiti cha magurudumu hakionyeshwi kama kushindwa. Kinamwekea akiba ya nguvu.

Lakini anayembeba ni mumewe, Omar Wasow, mzaliwa wa Nairobi yetu hii. Sasa asiye na Omar je? Hapa Kilimani naishi gorofa ya nne. Stima ikipotea, lifti inalala, nami nalala. Mkongojo nauficha nyuma ya mlango, maana majirani husema, "Si wewe ni kijana mzima?" Nilitamani filamu ikae zaidi hapo: kodi, ngazi, aibu.

Bado, itazame. Kuna viatu vitupu vimepangwa kwenye maandamano, kila pea ya mgonjwa asiyeweza kufika. Mama alipoviona alinyamaza tu. Kesho yake stima ilikuwa imepotea. Alipanda ngazi zote na themosi ya uji.